Umeme wa Vidole vya Afande

Niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba Afande alipigwa na radi akiwa ameshika waya wa antena, na kwamba umeme ule haukuwahi kumtoka. Ulibaki vidoleni. Ndiyo maana, walisema, hakuvaa saa: kila saa aliyoifunga mkononi ilisimama. Ndiyo maana kuku wa mkewe walimkimbia kabla hajafungua mlango. Na ndiyo maana kompyuta sita za darasa letu la jioni pale Nsambya, Kampala, ambazo kwetu sisi zilikuwa na kiburi cha punda aliyeshiba, zilifanya kazi mara tu yeye alipozigusa.

Aliyenipa habari hii alikuwa mlinzi wa geti, mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta hata kwa kuipangusa vumbi. Lakini alisimulia kwa kituo, taratibu, huku akitafuna kijiti, na mtu akinisimulia kwa kituo mimi nimekwisha. Wala sikuwa mtoto. Nilikuwa na mke, kazi ya ukarani na upara uliokuwa umeshaanza safari yake. Niliamini tu.

Nitutetee kidogo: ushahidi ulikuwepo, tena wa macho. Pale darasani tulifundishwa kuandika programu ndani ya edita, lile daftari la kwenye kompyuta la kuandikia programu, na edita ile ina faili lake la kazi. Unaandika humo mara moja tu kwamba kitufe hiki kikibonyezwa, fanya hili, kisha hili, kisha chapa karatasi, nawe unakunja mikono. Basi mwanafunzi anabonyeza kitufe. Programu inamjibu kwamba haijui kitu, haioni faili, haimjui hata yeye. Anabonyeza mara mia. Anabonyeza mpaka kitufe kinapata joto. Mwishowe anainua mkono, Afande anakuja, anamwondoa kitini, anafunga kila kitu, anaketi, anagonga kibodi kidogo, anabonyeza kitufe kilekile, na karatasi inatoka. Hajabadilisha hata herufi moja ya programu! Kesho yake ukirudi kitini, mashine imenuna upya.

Sasa niambie, wewe ungeamini nini?

Tulimwita Afande kwa sababu alikuwa polisi mstaafu, opereta wa redio tangu miaka ile vita vilipokwisha na serikali mpya ikahitaji watu wa kusikiliza mawimbi. Jina lake nalijua lakini sijawahi kulitumia, na sitaanza leo. Mkewe mwenyewe alimwita hivyohivyo: "Afande, chai yapoa." Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu kiasi kwamba alipoingia darasani miguu ilifika kwanza, na kichwa kikaripoti baadaye. Sauti yake ndiyo usiseme. Akikohoa Nsambya, watu wa kilima cha Makindye walijibu, "Pole, ssebo," yaani pole, bwana.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kilichonyolewa mpaka ngozi ikaonekana. Hakuwa na haja ya viambishi. "Mtu naandika, mtu nafuta, mtu nalala," alisema. "Hapana ingine." Mimi niliyesoma Kiswahili cha vitabuni kwa jasho nilikuwa naumia masikio wiki za mwanzo. Baadaye nikagundua kwamba nikiota, naota kwa Kiswahili chake.

Alikuwa Mwislamu, na mkewe Mkatoliki wa kuamka na kengele. Ijumaa yeye alikwenda msikitini, Jumapili mama alipanda kilima kwenda misa. "Na kuku?" tulimchokoza siku moja. Akajibu bila kutabasamu: "Kuku hapana dini. Ndiyo maana siku yote naliwa."

Kila darasa lilianza kwa ukaguzi. Hili sijaliona shule nyingine yoyote duniani, na dunia nimeizunguka, nimefika hadi Jinja. Saa kumi na mbili jioni tulisimama kila mtu nyuma ya kiti chake, tukamwaga vilivyomo mikobani mwetu juu ya meza. Kalamu mbili, daftari, flashi, kitambaa cha mkono, maji. Afande alipita na fimbo ya antena kuukuu, akigusa kitu kimojakimoja. Aliyekosa kalamu hakuazimwa. Alikaa jioni nzima akisikiliza tu, mikono magotini, kama mgonjwa kwenye foleni.

"Askari natoka kambi bila mkoba, natoka kwenda kufa," alisema. "Huko mbele hapana mama ya kuuliza, mama, kalamu yangu iko wapi."

Ni Kavira peke yake aliyewahi kumkatalia. Kavira alikuwa mwenzetu kutoka upande wa Butembo, Kongo, aliyekimbilia Kampala na dada zake, mchana akiuza vitenge na jioni akisoma nasi. Siku yake ya kwanza Afande alifika mezani kwake akakuta mkoba umefungwa.

"Fungua."

"Hapana, Afande. Hii ni mkoba ya mwanamuke."

"Hapa hapana mwanamke, hapana mwanaume. Iko wanafunzi."

"Basi mwanafunzi huyu ni mwanamuke," Kavira akasema, na mkoba akaupakata. "Kalamu iko, daftari iko, flashi iko. Ukitaka kuona ingine, muite mama kule nyumbani, yeye nitamuonesha."

Afande aliutazama mkoba ule kwa muda wa kuchemsha maharage. Kisha akapita. Kuanzia jioni ile Kavira alikaguliwa kwa maneno tu, na nadhani Afande alimheshimu kwa hilo, maana siku ya mvua kubwa tulimwona mtu yuleyule mkali amejitwika furushi la vitenge vyake kichwani, akimvusha kwenye matope hadi barabarani, huku akimgombeza njia nzima kwamba mzigo umefungwa vibaya.

Mambo ya mkoba hayakuishia kwenye kalamu. Yalikuwa ndiyo falsafa yake ya kompyuta. Kuna vitu ambavyo vitabu vinaviita vigeu vya mazingira. Ni majina mafupi yenye habari ndani yake, ambayo programu inayakuta tayari inapoamka: folda ya kazi iko wapi, printa ni ipi, nywila ni gani. Programu yenyewe haina akili ya kuvitafuta. Ikivikuta, inaendelea. Isipovikuta, inazubaa. Afande hakutumia neno la vitabuni hata siku moja. Alisema mkoba. "Kazi naamka, naangalia mkoba. Mkoba tupu, kazi nalia." Na siku ya kwanza kabisa aliandika ubaoni kwa herufi kubwa, na hakuruhusu mtu kuzifuta mpaka tulipohitimu: KILA KAZI NA MKOBA WAKE. Maana yake, alieleza, ndani ya lile faili la kazi la edita kuna mahali pa kuandika vigeu hivyo, kazi kwa kazi, ili kila kazi iondoke na chake.

Tuliyanakili maneno hayo. Tukayapigia mstari chini, wengine kwa wino mwekundu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyatenda.

Kwa nini? Kwa sababu Afande mwenyewe hakuyatenda. Hapo ndipo mtu huyu alipokuwa akinichosha roho. Alihubiri maandishi, naye alikuwa mvivu wa kuandika kuliko watu wote niliowajua. Zile mashine sita alizitengeneza yeye, anwani ya folda akaichomeka mahali fulani ndani kabisa, mara moja, akaridhika. Mafaili yetu ya kazi akayaacha bila mkoba. Ukimwuliza, anasema: "Mbona mimi naendesha, naenda?" Na kweli, akiendesha yeye, inaenda.

Ukali wake mwingine aliuelekeza kwa panya, kile kidude cha kusukuma mshale kwenye skrini. Alikichukia kama panya halisi aliyemkuta ndani ya unga. Kabla ya kuketi kwenye mashine yoyote alikigeuza chali, miguu juu, ndipo akaanza kugonga kibodi. "Mashine iko na vitufe mia na zaidi," alisema, "nyinyi nataka kitu ya kusukuma-sukuma kama pasi!" Tulisubiri aondoke, kisha tukakigeuza tena kifudifudi na kuendelea kubofya picha zetu kama watu wa kawaida.

Mtu asifikiri Afande alifurahia kuwa mganga wetu. Alikasirika, tena vibaya, kila alipoitwa. "Mimi nafundisha, nageuka, nyinyi naharibu! Nani nagusa hii?" Alitushuku kwamba tunamchezea. Mimi hasa. Kwa muda wa mwezi mzima alinikalisha mstari wa mbele anitazame vidole. Edita nilikuwa nimeshaifungua kabla hajaingia, nikabonyeza kitufe mbele ya macho yake, mashine ikakataa mbele ya macho yake, akaniondoa kitini mbele ya macho yangu, akaketi, ikakubali. Tulitazamana. Yeye aliniona mhalifu. Mimi nilimwona radi.

Wala hapakuwa na mapumziko. Waliohitimu walimpigia simu kutoka makazini. Mashine imekataa, Afande, tafadhali pita. Naye alipita, goti lake bovu likilalamika, akisonya toka anaingia hadi anatoka. Mkewe alinikuta getini siku moja akasema, "Huyu mtu alistaafu ili nimwone. Sasa namwona wapi? Bora angebaki polisi, kule angalau kulikuwa na likizo." Nilicheka. Sikuwaza kwamba mimi ndiye ningekuwa msumbufu mkuu kuliko wote.

Niseme sasa kilichokuwa kikinikera mimi. Mchana nilikuwa karani wa wakala wa mizigo pale Port Bell, bandari ile ya Luzira ambako mabehewa ya treni yanasukumwa ndani ya meli, yakavuka ziwa yamesimama juu ya reli kama abiria. Kazi yangu ilikuwa orodha. Behewa namba fulani, limebeba nini, linaingia meli ipi, nyuma ya lipi. Niliandika kwa mkono, na mkono wangu, nikiwa na haraka, huandika saba kama moja. Siku moja behewa la saruji lilipanda meli badala ya behewa la kahawa, na bosi wetu, mama wa mapacha ambaye bandari nzima ilimwita Nnalongo, hakunigombeza. Alikaa kimya. Nnalongo akikaa kimya, hata korongo wa ziwani wanahama.

Nikamwahidi programu. Nilisema kwa majivuno ya mtu wa darasa la jioni: utabonyeza kitufe kimoja, orodha itatoka imepangwa, bila mkono wangu kuigusa. Nnalongo akasema, "Kale," yaani sawa. "Ikifanya kazi, meza ya ndani ni yako. Ikikataa, utakwenda uwanjani na chaki." Meza ya ndani ilikuwa na kiti chenye mgongo, dirisha na paa. Uwanjani kulikuwa na mvua, jua na reli. Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani, sikuficha kitu: paa au chaki.

Programu niliiandika mwenyewe, nakula kiapo. Afande aliikagua, akasema "Si mbaya," ambayo kwake ilikuwa nishani. Akaichukua laptopu yangu, akageuka pembeni, akachomeka ile anwani ya folda ya mabehewa kule ndani anakojua yeye, akaendesha. Orodha ikatoka safi, tamu, unaweza kuiweka kwenye fremu.

Siku ya maonyesho, Nnalongo alikaa kwenye kile kiti chenye mgongo. Niliwasha laptopu, nikabofya picha ya edita, nikabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada. Skrini ikaandika: HAKUNA BEHEWA.

Nnalongo akanyoosha shingo, akatazama nje ya dirisha. Uwanja mzima ulikuwa umejaa mabehewa kutoka geti hadi majini.

"Ssebo," akasema, "na vile ni nini? Ng'ombe?"

Nikabonyeza tena. Hakuna behewa. Nikabonyeza nikiwa nimesimama. Nikatoka, nikaingia, nikabonyeza kwa mkono wa kushoto. Hakuna behewa, na wakati huohuo behewa moja likagongana na jingine huko nje, gaa!, kana kwamba linajibu. Nikampigia Afande.

"Njoo," nikasema. "Nakuomba. Lete vidole tu."

"Mimi hapana kuja," akasema. "Kazi ya kutaka mwalimu kila siku, hiyo hapana kazi. Hiyo mtoto mchanga. Soma ubao."

"Ubao uko Nsambya, Afande!"

"Soma kwa kichwa."

Hapa, wasomaji wangu, nisameheni. Mtu aliyekata tamaa hushika hata unyasi. Niliweka simu kwenye spika kubwa, nikaisogeza mpaka ikagusana na kibodi, nikasema, "Basi ongea tu, Afande. Sema chochote. Labda sauti yako itatosha." Kisha sauti ile ikalipuka ndani ya ofisi, "Wewe iko na wazimu?", na mimi, wallahi, nikabonyeza kitufe hapohapo wakati maneno bado moto.

Hakuna behewa.

Nnalongo alisimama, akafungua droo, akanikabidhi chaki.

Nilikaa uwanjani misimu mitatu ya mvua. Nikisema misimu mitatu nimepunguza, kwangu ilikuwa kumi. Niliandika namba ubavuni mwa mabehewa kwa chaki, mvua ikafuta, nikaandika tena. Wakala alinunua programu ya watu wengine, ikawa nayo inaota ndoto zake, na Nnalongo akaitukana kila asubuhi. Mimi nilimlaani Afande kila nilipovua viatu vilivyojaa maji. Mtu gani anakuwa na umeme vidoleni halafu anakataa kuukopesha? Simu yake sikuipokea tena. Darasa nalo likafungwa, goti lake likashinda, na nikasikia wamehamia Makindye kwa binti yao.

Ndipo Nnalongo aliponiita ndani, Ijumaa moja nikiwa natiririka maji juu ya zulia lake.

"Ile yako bado unayo?"

"Ninayo."

"Jumatatu saa tatu. Mara ya mwisho. Ikisema tena uwanja wangu hauna behewa, meza hii nampa mtu wa kutoka nje, na wewe utazeeka na hiyo chaki."

Jumamosi mchana nilikuwa Makindye na laptopu begani na mkungu wa matoke mkononi, maana huendi kwa mkubwa uliyemnunia ukiwa mikono mitupu. Nilikuwa nimejiandaa kumbeba Afande hadi Port Bell mgongoni kama ingebidi.

Nilimkuta barazani. Alikuwa amepooza upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala pajani kama kitu cha kuazima, na vidole, vidole vile, vilikuwa vimejikunja. Nilivitazama hivyo kabla sijautazama uso wake, na aibu yake naiona hadi leo. Sauti ilikuwepo bado, lakini imeshuka, sasa ilifika getini tu. Kando yake alikuwa Kavira na bakuli la uji. Yeye ndiye sasa aliyefundisha watu programu, darasa lake mwenyewe, na kila Jumamosi alikuja kumtazama mzee.

"Wewe," Afande akasema. "Ya simu."

"Ndiyo mimi, Afande. Shikamoo."

"Marahaba. Bado naweka simu kwa mashine?"

Kavira alimwaga uji kwa kicheko. Nikaeleza yote: Jumatatu, Nnalongo, meza, chaki. Nikaomba radhi kwa kununa. Kisha nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyosema maishani, na ushindani ni mkubwa. Nikasema, "Nilikuja kukuchukua, lakini sasa naona vidole vimeharibika. Basi nimekwisha."

Hakukasirika. Nadhani alichoka tu. "Mimi iko mdomo," akasema. "Wewe iko vidole. Weka hapa. Funga yote."

Nikafunga yote.

"Panya."

Niliifikia ile panya yangu ndogo, nikaigeuza chali. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Fungua dirisha nyeusi." Hilo ni lile dirisha la kuandikia amri, alilolipenda yeye. Nikalifungua kwa vitufe, alivyoniagiza. "Andika jina ya edita. Bonyeza."

Nikaandika jina la edita kwa herufi, nikabonyeza. Edita ikafunguka ileile, rangi zilezile. Nikabonyeza kitufe cha kazi.

Orodha ikatoka. Behewa baada ya behewa, limebeba nini, linaingia meli ipi. Nilipiga yowe kuku wakaruka. "Ni kwa sababu uko karibu!" nikamwambia. "Umeme bado upo!"

Afande alimtazama Kavira, akauliza taratibu, "Umeme gani?"

Hapohapo binti yake alikuja kumshika, akamwingiza ndani kuswali. Nilipobaki barazani bila yeye nikabonyeza tena. Orodha ikatoka tena. Afande hayupo, amefungiwa mlango, nayo inatoka! Nikafunga kila kitu ili nione vizuri, nikageuza panya kifudifudi, nikabofya picha ya edita kama kawaida yangu, nikabonyeza kitufe.

Hakuna behewa.

"Umeona?" nikamwambia Kavira, karibu nilie. "Umeona nguvu zilivyokwisha? Zinakaa dakika chache tu, halafu zinakata. Jumatatu itakuwaje?"

Kavira aliweka bakuli chini. Alinitazama kama Nnalongo alivyotazama yale mabehewa dirishani.

"Rudia," akasema. "Polepole. Funga. Sasa fungua vile ulifungua."

Nikabofya picha. Nikabonyeza. Hakuna behewa.

"Funga. Sasa fungua vile mzee alikuambia."

Dirisha jeusi. Jina la edita. Kitufe. Orodha nzima.

Niwaondolee wasiwasi wenu kwanza, maana najua mnaniwazia: Jumatatu saa tatu karatasi ilitoka mbele ya Nnalongo. Aliishika, akaenda dirishani, akalinganisha namba moja moja kwa kidole mpaka majini, akasema "Kale," na akaondoka kwenye kile kiti. Ninakikalia ninapoandika haya. Lakini hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi ile bado nilikuwa barazani, na Afande alikuwa amerudi, ameegemea mlango, anatusikiliza.

"Nyinyi nafungua edita na nini?" akauliza.

"Na picha, Afande," nikasema. "Ile ya hapo mbele. Unabofya."

"Picha gani?"

Nikamwonyesha. Aliinama polepole, macho yakaikaribia skrini. Miaka yote ile ya kutufundisha, na goti lake na safari zake za kusonya, hakuwahi kujua kwamba picha ile ilikuwa mlango. Alikuwa anapindua panya kabla hajatazama. Aliondoka kila meza akiamini kwamba sisi ni wazembe, nasi tulibaki tukiamini kwamba yeye ni radi.

"Wote?" akauliza. "Wote nafungua hapa?"

"Wote."

Aliketi. Alitazama ule mkono wake uliolala pajani. "Mimi naita wewe mwongo," akaniambia. "Mwezi mzima, kiti ya mbele."

Nikasema si kitu. Nikamwuliza, kwa sababu bado sehemu fulani ya kichwa changu haikutaka kuachia, kuhusu radi na ile antena. Akasema redio yake haijawahi kupigwa na radi. Na saa? Saa ilimwasha ngozi.

"Lakini basi," nikamwambia Kavira, "hii yote ilikuwa nini?"

Kavira alichukua laptopu, akafungua lile faili la kazi, akaandika anwani ya folda pale pale ambapo ubao ulikuwa umetuambia tuiandike. Akafunga. Akabofya picha kwa panya, mbele ya Afande, akabonyeza kitufe, na orodha ikatoka. Kisha akanirudishia.

"Hapana umeme," akasema. "Anwani mzee aliiweka mahali dirisha nyeusi inasoma kila ikifunguliwa, basi edita ikifunguliwa kutoka mule inaibeba, na ikifunguliwa ku picha haiibebi. Yeye aliandika, weye ulibofya. Ni ile tu."